Shemeji ataka nyumba ya Ujerumani, mavyaa ataka ukumbi, na fundi ashamwaga kokoto

Asalam aleikum Shangazi, na shikamoo. Nakusoma kitambo ila kuandika ndo mara ya kwanza, na naandika saa hii ya usiku kwa sababu hakulaliki, joto, halafu mawazo. Wengine wakuandikia mambo ya mume kutoka nje, mimi langu ni nyumba. Yaani nyumba yenyewe, mawe na simiti.

Tuna ploti Utange, huku Kisauni Mombasa, futi hamsini kwa mia, tulilipa pole pole miaka sita mpaka hati ikatoka mwaka jana alhamdulillahi. Barabara iko magharibi, zile futi 50 ndo zaangalia barabara, halafu ploti yaenda ndani futi 100. Ukisimama barabarani ukaiangalia, kushoto kwako ndo kibla, na hapo ploti ya jirani bado ni mihogo tu, kulia kuna mtu ashajenga ghorofa moja na ukuta wake uko pale pale mpakani.

Kwa sasa tumepanga Bombolulu, juu kabisa chini ya slabu, mimi, mume wangu, watoto watatu na mavyaa. Shangazi hii nyumba mchana ni joto, ukasema ngoja usiku, usiku ndo zaidi. Feni yatupulizia joto kama mtu anayekupumulia usoni. Tulinunua AC moja ya mkono wa pili tukaitia chumbani maana mume wangu yuko bandarini na kuna wiki akesha kazini, arudi asubuhi alale mchana, bila AC halali. Basi tokeni ya elfu moja haimalizi wiki. Ndo maana nikaapa nyumba yangu mimi haitakuwa hivi, itakuwa ya baridi na stima kidogo.

Sasa kila mtu ana lake. Shemeji yangu, mdogo wake mume, yuko Hamburg mwaka wa kumi na moja huu, anatutumia voisnoti za dakika nane nane na mapicha. Ataka kuta zitiwe foamu ndani, madirisha ya vioo vitatu, nyumba izibwe isipitishe hewa hata kidogo halafu kuwe na mashine ya kuingiza hewa. Asema huko kwao nyumba kama hizo hazili stima kabisa na ndo elimu ya kisasa. Na amesema atatoa laki nane, lakini tukifuata hivo. Tukijenga "kienyeji" yeye hayumo.

Fundi naye asema slabu juu ili baadaye tupandishe, na mbele yote kioo kiangalie barabara, ati huo ndo uso wa nyumba. Mume wangu ataka AC kila chumba na sola ya kubeba zote, ameletewa hesabu ya laki tisa na nusu. Mavyaa yeye asema nyumba isiyo na ukumbi wa kupita katikati na baraza ya kukaa ni banda la kuku, na hataki kuhamia banda la kuku uzeeni.

Pesa tulonayo ukijumlisha na mkopo wa sako ni milioni tatu na nusu, nataka ituingize ndani hata kama vigae vya sakafu vitangoja. Ramani ishachorwa, ila bado haijapelekwa kaunti. Fundi ashamwaga lori moja la kokoto na ataka deposti mwezi huu wa Machi usiishe, asema masika yaja msingi utajaa maji. Nikisema neno naambiwa wewe wajua nini mambo ya mjengo. Shangazi, nimsikize nani? Nikimkataa shemeji, je si nitakuwa nimevunja undugu kwa ajili ya madirisha?

Mama Watatu, Bombolulu

*

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Kwanza hizo kokoto. Kokoto haziozi. Zifunike gunia ukitaka, waziache hapo hapo, na deposti usitoe mpaka ramani imegeuzwa, maana kutokana na ulivoniandikia hiyo ramani yataka kugeuzwa, na kabla haijafika kaunti mabadiliko ni ya penseli tu, ikishapitishwa ni kurudi upya na karatasi na ada. Masika ni kweli yaja, fundi hakudanganya, lakini wiki mbili za kufikiri ni rahisi kuliko miaka thalathini ya kutokwa jasho.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi nimejenga, na nimejenga vibaya. Nyumba yangu ina slabu juu, kavu, haina kitu juu yake, na uso wake waangalia magharibi kwa sababu hiyo hiyo uloambiwa wewe, barabara. Mwezi kama huu saa tano za usiku nikipanda kitini nikaweka kiganja kwenye dari ya chumba cha watoto, iko moto kama chuma cha chapati kilichoepuliwa sasa hivi. Saa tano usiku! Jua lishazama tangu saa kumi na mbili na nusu. Zege hunywa jua mchana kutwa halafu usiku ndo lakutemea. Fundi alonijengea alikuwa mtu mzuri, mswalihina, na hakujua. Mimi pia sikujua, nilikuwa nachagua rangi ya milango. Disemba 2023, ile siku stima ilozima nchi nzima usiku, sote tulihamia nje na mikeka, nyumba ya mamilioni tumeiachia mbu.

Kwa hivo kabla ya foamu na sola na kila kitu, chukua ramani yako uiangalie kwa macho ya jua. Hapa kwetu Mombasa tuko digrii nne tu kusini mwa ikweta, jua latupitia juu ya utosi, mwezi huu wa Machi na tena mwanzo wa Oktoba saa sita huna kivuli. Juni laegemea kidogo upande wa kaskazini, Disemba kidogo upande wa kusini, lakini mchana liko juu siku zote. Na kitu cha juu ni rahisi kukikinga. Upenu wa paa ukitoka nje mita moja, ukuta wa kaskazini au wa kusini wapata kivuli karibu mita mbili kwenda chini saa sita, hata Juni, dirisha zima limo kivulini. Lakini nenda magharibi saa kumi jioni, jua lishashuka, lakuangalia usoni, ule ule upenu wa mita moja wakukinga sentimita sabini tu, na kila dakika zinazidi kupungua. Kioo chote cha mbele anachokitaka fundi kitapokea jua kuanzia saa tisa mpaka magharibi, kila siku, mwaka mzima, masika na kiangazi. Hiyo si sebule, ni tanuri lenye makochi.

Sasa hapa ndo utacheka. Sisi watu wa hapa twajua kaskazini kuliko hata hao wachoraji, kwa sababu kutoka Mombasa Makka iko karibu kaskazini kabisa, umekaa karibu mstari mmoja nayo. Kwa hivo pale unapotandika mswala ndo wajua nyumba ielekeapo. Ukuta mrefu mmoja uangalie kibla, mwengine uipe kibla mgongo, na zile kuta fupi ndo ziangalie matlai na magharibi. Na upepo nao ni hivo hivo: kaskazi, hii ya sasa, Disemba mpaka Machi, yatoka kaskazini mashariki, ndo miezi ya joto unayoihitaji; kusi yatoka kusini na kusini mashariki, kuanzia Aprili na kuendelea mpaka Septemba. Yaani upande ule ule ambao jua ni rahisi kulikinga ndo upande upepo unatoka. Hiyo ni bahati mwanangu, kuna miji jua na upepo vyagombana, kwetu vyapatana, halafu sisi twaenda kuigeuza nyumba iangalie barabara.

Na ploti yako ishakufanyia nusu ya kazi. Futi 50 barabarani, 100 ndani, kwa hivo nyumba ndefu yenye kwenda ndani kuta zake ndefu zaangalia kibla na kusini zenyewe bila kulazimisha. Kijana alochora ameipanua ienee mbele sababu ya huo "uso". Mwambie aipunguze upana. Futi 28 kwa 48 hivi, na iwekwe karibu na upande wa ghorofa la jirani kidogo, si ukutani, bakisha futi tisa kumi, halafu nafasi kubwa iachie upande wa kibla. Yule wa mihogo naye siku moja atajenga, na akijenga mpakani kama huyu mwengine kaskazi yako yafa, isipokuwa wewe mwenyewe umeacha uwazi wako ndani ya ploti yako. Usitegemee mihogo ya watu.

Kabla hujaenda kwa mchoraji fanya jambo moja. Chukua leso kuukuu uichane vitambaa vyembamba, ufunge kwenye vijiti vinne virefu, urefu wa dirisha, uvisimamishe zile pembe za nyumba itakapokuwa. Nenda saa tano asubuhi, nenda saa kumi, na siku moja mwambie baba watoto akupeleke saa tatu usiku. Uangalie kitambaa gani chapepea na kipi kimelala. Nakwambia wataalamu hulipwa pesa kwa hilo. Pale kilipolala usiweke kitanda.

Tuje kwa shemeji wa Hamburg, na hapa nataka uelewe vizuri ili ukiongea naye uongee kwa heshima, kwa sababu hasemi upuzi. Zile nyumba waziitazo Passivhaus ni kweli zipo, ya kwanza ilikamilika Darmstadt huko huko Ujerumani mwaka 1991, na ni kweli zala moto kidogo mno, kipimo chao ni uniti 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka mzima za kupasha joto. Lakini fikiria wanapigana na nini. Hamburg mwezi Januari nje ni digrii moja mbili, ndani wataka ishirini. Tofauti karibu ishirini, usiku na mchana, miezi. Mtu kama huyo lazima azibe kila tundu, joto alolinunua lisitoke. Sisi hapa Machi nje mchana ni 32, 33, usiku yashuka mpaka 25 hivi, na mtu wa pwani akipata 27 na upepo kidogo analala fofofo. Tofauti ni digrii tano sita, na usiku nje ni baridi kuliko ndani! Sasa uzibe nini? Ukiizibia nyumba hiyo hapa Utange na AC haifanyi kazi, umejifungia na joto la watu sita, jiko, friji na unyevu wa bahari. Kwao mashine ya hewa ni kwa sababu dirisha halifunguki miezi sita, kwetu dirisha ndo mashine.

Lakini kuna sehemu moja ambayo shemeji yuko sawa kabisa na nyinyi nyote mmekosea. Paa. Jua letu liko juu, kwa hivo paa ndo ukuta wetu wa Ujerumani. Bati likikaa juani saa saba lapita digrii 60, na hapo sasa tofauti ya bati na chumba ni thalathini na zaidi, hapo foamu yake na karatasi yake ya kung'aa ina kazi. Kwa hivo mwambie hivi, kwa voisnoti, wewe mwenyewe usimtume mume: "Shemeji, tumekaa tukaona elimu yako inafaa sana juu ya paa na kwenye chumba cha kaka yako, na hapo ndo twataka mkono wako." Nina sababu ya hicho chumba, nitakuja. Si kumkataa, ni kumpa mahali. Watu walio mbali mwanangu, wakati mwengine hiyo laki nane si ya madirisha, ni ya kutaka kusema hapa ndani pana changu. Akikataa kabisa, basi amekataa yeye, na undugu hauvunjwi na mtu aliyesema ahsante.

Slabu au mabati? Niulize mimi. Kama mna hakika, si ndoto, hakika, kwamba mtapandisha ndani ya miaka michache, basi msingi na nguzo zitengenezwe kwa ghorofa toka sasa na mtu anayejua hesabu za chuma, na juu ya slabu mwezeke bati lililoinuliwa futi tatu nne upepo upite katikati, mtaanika nguo humo. Hiyo ni pesa, na kwa milioni tatu na nusu sioni mkifika kwenye linta mkiwa na amani. Kama ghorofa ni "inshallah siku moja", wekeni bati. Rangi ya maziwa au nyeupe, si ule wekundu wa damu wala kijivu kizito wanachokipenda watu siku hizi, rangi nyeusi yanywa jua. Chini yake karatasi ya kung'aa na nafasi ya hewa kati yake na dari, matundu ya kutoa hewa kwenye zile pembetatu za ukuta chini ya paa huku na huku, dari isishuke chini ya futi kumi. Chukua geji 28 usichukue 30, namba ikipanda bati lapungua unene, na hewa yetu ya chumvi yatafuna vyembamba kwanza. Hizo tofauti za pesa fundi atakwambia ni upotevu. Haishi humo yeye.

Mavyaa wako sasa. Mpe mkono kwa niaba yangu maana katika hao wote yeye ndo amekaribia jibu, ijapokuwa hakusema sababu. Nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na uwani nyuma, ilikuwa yapitisha hewa hata kabla hatujaona feni. Ila kwenye ploti yako ukumbi utalala kutoka barabarani kwenda uwani, upepo nao watoka ubavuni, kwa hivo lazima uupitishe: uingie chumba cha kibla, uvuke ukumbi, utokee chumba cha kusini. Milango ikifungwa usiku upepo wakatika. Kwa hivo juu ya kila mlango acha tundu la hewa, la mbao za mchoro au bloku za matundu, kama yale ya nyumba za zamani Mji wa Kale na Majengo. Hasara yake mtasikizana, nakwambia wazi, na mavyaa ana masikio. Basi matundu ya chumba chako na cha mavyaa yasielekeane, mchoraji ayapishe kidogo, na mengine mtajua wenyewe kuongea kwa sauti ya chini.

Na msiige Mji wa Kale mzima mzima kwa sababu tu ni wa zamani. Zile kuta nene za matumbawe na chokaa zafanya kazi pale kwa sababu vichochoro ni vyembamba, ukuta hauoni jua. Ukuta mnene katikati ya Utange, kweupe, bila mti, utakuwa slabu iliyosimama. Mawe ya timbo ya kawaida yatosha, plasta nyeupe nje, na ukuta wa magharibi ufichwe. Hapo ndo baraza ya mavyaa ipate kazi, ifanye ya kina, futi nane si zile za futi tatu za kuwekea viatu, na nyuma yake badala ya kioo weka dirisha dogo la juu. Stoo na bafu pia zaweza kwenda upande huo, zikipata moto hakuna anayelala humo. Panda mwarobaini mbele, wakua haraka, lakini uwe mbali na msingi na mbali na tangi la choo. Jiko liende uwani. Moshi utaingia ndani msimu mmoja au mwengine, jiko halina pembe isiyo na lawama, mimi nishaacha kuitafuta.

Madirisha, usikubali yale ya alumini ya kusukuma. Yafunguka nusu tu, nusu yengine imekaa nyuma ya mwenzake, kwa hivo wanunua dirisha wapata nusu dirisha. Chukua ya kufunguka kama mlango au ya luva, na wavu wa mbu uhesabu kwamba nao wapunguza upepo, kwa hivo dirisha lizidi ukubwa kidogo.

Haya, baba watoto na AC zake. Mwanangu, hapa barua yako ina kitu ambacho nadhani hamjakiona. Mume wako alala mchana. Kila mtu akinunua sola anaumia kwenye betri, kwa sababu jua ni mchana na yeye ataka baridi usiku, betri ndo bei. Nyinyi mwahitaji baridi wakati ule ule jua linawaka! Kwa hivo usifanye AC kila chumba. Fanya chumba kimoja tu, cha kwake, upande wa kibla katikati ya nyumba, kisiguse ukuta wa magharibi, na hicho ndo ukizibe kama Hamburg: foamu juu ya dari, mlango wenye raba chini, dirisha linalofunga kisawasawa, na tundu la juu ya mlango liwe na kifuniko cha kufunga. Hapo shemeji afurahi, kajengewa Ujerumani ya futi kumi na moja kwa kumi na mbili. AC ndogo ya inveta ikishapoza chumba kama hicho mara nyingi yavuta chini ya kilowati moja, na paneli sita za wati 550, kwa jua la hapa ambalo lakupa kiasi cha uniti nne kwa siku kwa kila kilowati, ni uniti 13 hivi. Hizo zabeba AC yake na friji na maji ya kupampu mchana kutwa. Betri iwe ndogo, ya taa na feni na kusubiri stima irudi.

Usiku nyinyi wengine ni feni. Pangaboi lavuta wati sabini hivi, usiku mzima haifiki uniti moja. AC ile ya mkono wa pili kwa masaa hayo hayo si ajabu ikala uniti saba nane. Na uniti zenyewe, tangu 2023 EPRA, ile mamlaka ya kawi, imewagawa wateja wa nyumbani mafungu, mpaka 30 kwa mwezi, mpaka 100, na zaidi ya 100, na kila ukipanda fungu bei ya uniti moja yapanda. Mkiweza kubaki chini ya 100 mtaona tofauti kwenye simu mkinunua tokeni.

Na hata hiyo sola si ya leo. Hii ndo ningekwambia uiandike kwenye karatasi uibandike ukutani wagombane nayo: nyumba ikishaelekea magharibi hutaigeuza, paa likishamwagwa slabu hulivui, dirisha likishakuwa dogo ni kuvunja ukuta. Paneli utaweka hata baada ya miaka miwili, na kwa miaka mingi bei yake imekuwa ikishuka. Kwa sasa tia tu paipu za waya ndani ya ukuta na mgongo wa paa uende matlai-magharibi upate mteremko mmoja kibla na mmoja kusini, kwetu hapa zote mbili zafaa. Ile laki tisa na nusu ikae kando, nusu yake ndo paa zuri.

La mwisho kwa fundi, msimamie kwenye maji. Kisima cha chumvi kisichanganye zege wala mchanga wa ufuoni usiingie ploti yako, chumvi yala chuma ndani kwa ndani na hutaiona mpaka dari ianze kumenyuka. Nunua bauza la maji matamu, uumie. Na paa likishakaa weka magata na tangi, kila mita ya mraba kila milimita ya mvua ni lita moja, Mombasa twapata kama milimita elfu kwa mwaka, paa la mita 150 hata ukipoteza kiasi ni zaidi ya lita laki moja za bure, na wajua vile maji ya mfereji yalivo huko Kisauni.

Hukuniuliza lakini nakwambia: chumba cha mavyaa kiwe upande wa kibla nyuma, karibu na uwani, na choo kiwe karibu nacho, kisielekee kibla. Usiku anaamka huyo, na asubuhi mapema ndo atakayefungua mlango wa nyuma hewa iingie kabla nyinyi hamjaamka.